Kuhami kontena la kukaushia mbao: insulesheni ikae nje ya chuma

Kontena la chuma ukilifanya tanuri la kukaushia mbao, ukaliwekea jiko na feni bila kulihami, yani bila kulivalisha insulesheni ya kuzuia joto lisitoke, mwezi wa sita na wa saba huku Mafinga, wilayani Mufindi mkoani Iringa, utalijua vizuri. Usiku baridi inashuka mpaka chini ya digrii 10, jiko linakula mabanzi mpaka asubuhi, ndani joto linagoma kupanda, na ukifungua mlango alfajiri unakuta dari lote limejaa matone yanadondokea kwenye mbao zile zile ulizoziingiza zikauke. Za juu zina madoa, za chini zimeanza ukungu, za katikati ukizichoma mita ya unyevu inasoma asilimia 30 na kitu. Wengi wakiona hivo wanakimbilia kuongeza moto, wakati tatizo liko kwenye ngozi ya kontena lenyewe.

Hapa naongelea hiyo ngozi tu. Mambo ya ratiba ya ukaushaji na kupanga mbao nitayagusa pale yanapogongana na insulesheni. Na msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua: kama kontena ni la kawaida, la kubebea mizigo mikavu, insulesheni weka nje, chuma kibaki upande wa ndani. Mafundi wengi wanaweka ndani kwasababu ndo walivyozoea kwenye makontena ya ofisi na maduka, lakini ofisi haina tani ya maji inayotafuta pa kutokea.

Hesabu kidogo kwanza, maana bila hesabu mtabishana na fundi mpaka jioni. Kontena la futi 20 kwa nje lina urefu wa mita 6.06, upana 2.44 na kimo 2.59, ukijumlisha kuta, dari, sakafu na milango unapata kama mita za mraba 73. Bati lake halizidi sana milimita 2 na chuma chenyewe hakizuii joto kabisa, kinachozuia kidogo ni ule utando wa hewa uliokigusa huku na huku. Ukitaka ndani digrii 50 na nje kuna 10, kila mita ya mraba inapoteza zaidi ya wati 200, yani kontena zima linatupa nje karibu kilowati 16 kwa saa zote ambazo baridi iko hivo. Lifunike na povu la poliyurethani la milimita 75, hasara inashuka chini ya kilowati 1. Mi huwa naandika 1.5 kwasababu milango na fremu lazima zitavujisha.

Sasa linganisha na kazi yenyewe. Chukua mita za ujazo 5 za paina, ambazo zikikauka kabisa zina uzito wa kama kilo 2,000. Zinaingia na unyevu wa asilimia 60 ya uzito huo mkavu (hizo zimeshapigwa upepo uwanjani, maana paina iliyotoka msumenoni leo inapita hata asilimia 100), unataka zitoke na 12, hapo unatoa kilo 960 za maji. Kila kilo moja ya maji kugeuka mvuke kwenye joto hilo inakula kama yuniti 0.66, jumla inafika yuniti 640 hivi, na ukikausha kwa siku 10 ni wastani wa kilowati 2.7. Kwahiyo kontena lisilohamiwa linatupa nje kilowati 16 ili ndani ifanyike kazi ya kilowati 2.7, na hapo bado hujahesabu hewa ya moto inayotoka kwenye matundu. Hamna jiko litakalokuokoa na hesabu hiyo.

Lakini hasara ya joto ni nusu ya habari, na kwa maoni yangu ni ile nusu nyepesi. Nusu nzito ni mvuke.

Hewa ya ndani ya tanuri siku za mwanzo inaweza kuwa na digrii 50 na unyevu wa asilimia 80. Hewa ya namna hiyo ikigusa kitu chochote chenye joto chini ya digrii 45 hivi inaacha maji hapo hapo, kama chupa ya soda ikitoka kwenye friji. Chuma kisichohamiwa wakati nje kuna digrii 10 chenyewe kinakaa kwenye ishirini na kitu, kwahiyo hakina namna, kitatoa jasho usiku kucha. Na maji hayo sio safi. Mbao zikipata joto zinatoa asidi, hasa mlingoti (mkaratusi), asidi inakula chuma, alafu tone linalodondoka linakuwa limebeba kutu. Tone la kutu likiangukia mbao yenye tanini nyingi (kemikali ya asili ya mbao inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma), mlingoti au mtiki, linaacha doa jeusi la bluu-bluu ambalo randa likipita mara moja haliondoki, linakuwa limeshazama. Ukiwahi kuona weusi kuzunguka msumari kwenye mbao mbichi basi ndo kitu hicho hicho. Mteja wa fenicha akiona madoa hayo anakata bei, na ana haki.

Sasa ukiweka insulesheni kwa ndani nini kinatokea. Chuma kinakaa nyuma ya insulesheni, upande wa baridi, kina digrii 11 au 12. Mvuke unasukumwa kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi saa 24, na unachohitaji ni upenyo mdogo tu, kichwa cha riveti ambacho hakikukaa vizuri, kiungo cha bati ambacho silikoni imepasuka, pale waya wa feni ulipopita. Unapenya, unakutana na chuma cha baridi, unageuka maji, na maji hayana pa kwenda. Baada ya muda insulesheni ya pamba ya mwamba (rockwool, nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) inalowa inakuwa nzito na haizuii tena joto, na kutu inafanya kazi mahali ambapo huwezi kuiona mpaka siku bati linatoboka. Ili insulesheni ya ndani ifanye kazi kizuizi cha mvuke kinatakiwa kiwe hakina tundu hata moja, kwa miaka, ndani ya chumba ambacho watu wanasukuma mbao za futi 12 na kugonga kuta kila wiki. Mi siamini kama hilo linawezekana kwenye uwanja wa mbao.

Ukigeuza, insulesheni nje, chuma kinakaa upande wa joto. Kwa milimita 75 za povu na nje digrii 10, chuma kinakuwa na kama digrii 48, juu ya kile kiwango cha jasho, kwahiyo hakitoi matone. Na chuma cha kontena kilichochomelewa mwanzo mpaka mwisho ndo kizuizi bora cha mvuke utakachokipata, tayari umekilipia. Faida nyingine upana wa ndani unabaki mita 2.35 yote, na kwenye kontena kila sentimita ni mbao. Hasara zake zipo mbili. Ya kwanza lazima upake rangi ya nguvu ndani kwasababu chuma kitakuwa kinaogeshwa na mvuke wenye asidi. Ya pili, insulesheni iliyo nje inahitaji paa na vazi la kuikinga na mvua, na mvua za Mufindi sio za mchezo. Zote mbili zinatatulika kwa hela ya kawaida.

Kabla ya vifaa, neno moja la kuchagua saizi. Mbao zetu nyingi ni futi 12, yani mita 3.66. Futi 20 kwa ndani ina mita 5.9, kwahiyo unapanga rundo moja la futi 12 na zinabaki mita mbili na kidogo, ambazo unaweza kuzitumia kwa jiko la kupitisha joto na feni au mbao fupi. Futi 40 ina mita 12.03, inameza marundo matatu ya futi 12 na inabaki mita moja tu. Kama una mbao za kutosha futi 40 inalipa zaidi kuihami pia, maana ukubwa wa ndani unaongezeka mara mbili wakati ngozi inaongezeka pungufu kidogo ya hapo.

Kuchagua insulesheni

Anza na swali la joto. Mlingoti unaanzishwa taratibu, digrii 40 na kitu, kwasababu ukiukimbiza unapasuka ndani na kubonyea. Paina inavumilia 60 mpaka 70. Na kama unataka mbao zipigwe moto wa kuua wadudu, kiwango cha kimataifa cha mbao za vifungashio, ISPM 15, kinataka katikati ya mbao kufike digrii 56 kwa dakika 30 mfululizo, kwahiyo hewa lazima iwe juu ya hapo. Hesabu digrii 70 hata kama kwa leo hufiki, maana siku moja kidhibiti kitagoma na joto litapanda.

Kwa hali hiyo povu jeupe la stairofomu, lile linalokuja na televisheni, mi silipendi kwenye tanuri la jiko. Likikaribia digrii 80 linalegea na kusinyaa, na pale jirani na bomba la moto linafika huko. Kama tanuri lako ni la mashine ya umeme ya kunyonya unyevu na halivuki 50, hapo sawa, litumie kwa nje.

Poliyurethani ndo inayonipendeza zaidi, iwe ya kupuliza au paneli za vyumba vya baridi, zile zenye bati pande zote mbili na povu la njano katikati. Paneli zilizotumika zinapatikana Dar kutoka kwenye vyumba vya samaki na nyama vinavyovunjwa, ukiangalia vizuri unapata nzuri kwa bei nafuu, ila inua kila moja kwa mkono uone uzito. Nzito kuliko wenzake imekunywa maji, iache. Milimita 75 inatosha, 100 ni bora kwa dari. 50 usishuke chini yake.

Pamba ya mwamba ni ya pili, inahitaji unene wa milimita 100 kupata kinachokaribia 75 ya povu, na uzuri wake haiungui kabisa. Hata kama umetumia povu kila mahali, sehemu bomba la moto au dohani linapopita kwenye ukuta lazima iwe pamba ya mwamba peke yake, nusu mita kuzunguka, na bomba lipite ndani ya bomba kubwa zaidi lisiguse ukuta. Povu likishika moto linatoa moshi wa sumu na ndani ya kontena hamna pa kukimbilia, kwahiyo hapo sina mjadala na mtu.

Kuna hii ya watu wenye mashine za kupasulia: maranda. Maranda makavu yakijazwa kwenye ukuta wa mbao wa sentimita 20 nje ya chuma yanakupa karibu kiwango cha povu la 75, bure. Inawezekana kwasababu tu yako nje, ambapo mvuke wa ndani hauyafikii. Ndani ya kontena yangeoza. Lakini yanashuka kadiri muda unavyoenda na juu panabaki tupu, mchwa na panya wanayapenda, na cheche moja inatosha. Kama hela ya povu haipo kabisa, yatumie kwenye kuta mbili ndefu tu, changanya na chokaa, acha mlango wa juu wa kuongezea, na upande wa jiko usiyaweke hata gunia moja.

Kazi yenyewe

Cha kwanza kabisa sakafu, kwasababu kontena likishakaa chini huwezi kuifikia tena. Sakafu ya kontena ni plaiwudi nene ya milimita 28 iliyolazwa juu ya vyuma vya kukatiza, na plaiwudi hiyo mara nyingi ilitiwa dawa ya wadudu kiwandani, soma kile kibati cha mlangoni kimeandika matibabu ya mbao. Sipendi dawa hiyo ipate joto la digrii 60 kwenye chumba ambacho mtu anaingia kupima, na plaiwudi yenyewe inavimba. Ing'oe. Weka bati nene la chuma, milimita 3 zile zenye alama za kuzuia utelezi, lichomelewe kingo zote, na hapo sakafu inakuwa ngozi moja na kuta. Toboa tundu la maji pembeni lenye bomba na kizibo, na kontena lilale kidogo upande huo. Alafu ukiwa umelinyanyua, kwa chini jaza povu katikati ya vile vyuma vya kukatiza, vina kina cha kutosha, na ufunike na bati jepesi panya wasile. Nguzo za zege za kulikalisha zinyanyuke walau sentimita 30 toka ardhini.

Pili toboa matundu yote kabla ya kupaka rangi: ya hewa kuingia na kutoka, ya mashafti ya feni, ya bomba la moto, ya waya za vipima joto. Mota za feni za kawaida zimetengenezwa kwa mazingira ya digrii 40, zikikaa ndani zinaungua, kwahiyo ama nunua za joto kubwa ama ziweke nje na shafti ipite ukutani. Nyaya za kawaida za plastiki mwisho wake ni digrii 70, za ndani tumia za silikoni. Kila tundu lichomelewe kipande cha bomba chenye shingo inayotoka nje kwa unene wa insulesheni na zaidi kidogo, usitegemee kuziba baadae na povu la kopo. Vifuniko vya matundu ya hewa navyo vihamiwe, watu wanasahau, kifuniko cha bati tupu usiku kinatiririka.

Chomelea pia vishikio vya nje wakati huu huu. Usitoboe ngozi ya kontena kwa skrubu hata moja, maana kila tundu ni njia ya mvuke. Chomelea vipande vya engo kwenye fremu ya juu na ya chini, alafu kwenye hivyo funga miti ya 2 kwa 3 ya paina iliyokauka. Mbao inapitisha joto kidogo sana ukilinganisha na chuma, kwahiyo daraja la joto, yani njia ya joto kutorokea nje, linakuwa dogo.

Tatu rangi. Ndani kwangua kutu yote kwa grainda na brashi ya waya, futa mafuta, praima ya epoksi alafu mikono miwili ya epoksi. Wengine wanatumia rangi ya lami yenye unga wa aluminiamu, matanuri mengi ya zamani yalipakwa hivo na inafanya kazi, ila iache ikauke vizuri na uchome moto tanuri likiwa tupu mpaka harufu iishe. Maungio ya chuma na kona zipake mara ya tatu kwa brashi ndogo. Nje pia paka praima, kwasababu chuma kilichofunikwa na insulesheni kikilowa na mvua kinaliwa kimya kimya.

Rangi ikikauka fanya jaribio la mwanga. Mchana wa jua kali ingia ndani, mwenzako afunge milango abaki pale pale nje ameshika komeo, kaa dakika chache macho yazoee giza. Utaona nyota. Kila nyota weka alama kwa chaki, chomelea au ziba, rudia. Fanya hili kabla ya insulesheni, baada ya hapo haliwezekani tena.

Sasa insulesheni. Hapa kuna kosa moja la kiufundi ambalo ni rahisi kulipita: bati la kontena lina mawimbi yenye kina cha sentimita 3 na nusu hivi. Ukibandika paneli iliyonyooka juu yake, nyuma kunabaki mifereji wima toka chini mpaka juu. Hewa baridi inaingia chini, inapata joto kwenye chuma, inapanda inatokea juu, na paneli yako nzuri ya milimita 75 inakuwa pambo. Njia safi ni kupuliza povu moja kwa moja kwenye chuma lijaze mawimbi, alafu likapata unene wake. Anayepuliza avae barakoa ya kemikali inayostahili na ovaroli, povu likiwa bichi lina kemikali zinazoharibu mapafu, na wengine wote wakae mbali mpaka ligande. Kama ni paneli, ziba mifereji yote juu na chini kwa povu, na katikati pia mstari mmoja wa kulala, na paneli zishikane kwa ulimi wake huku kiungo kikiwa na tepu ya foili.

Dari lipe unene zaidi, joto linakaa juu. Usijaribu kulilinda na mvua kwa kupaka lami juu ya insulesheni, jenga paa. Miti ya paina, mabati, mteremko, na mabati yatokeze nje ya kuta nusu mita au zaidi kila upande. Ukiwa na paa hilo vazi la kuta linakuwa rahisi, hata mbao za mabanzi zilizopangwa wima zinatosha, au mabati mepesi. Kati ya vazi na insulesheni acha nafasi ya sentimita 2 iliyo wazi chini na juu yenye wavu wa panya. Usivalishe nailoni kwa nje. Nailoni ikiwa nje inafungia unyevu wowote utakaoingia kwa bahati mbaya, na kizuizi chako cha mvuke tayari ni chuma, cha pili hakihitajiki.

Milango ndo sehemu ngumu na nakushauri uipe muda kuliko ukuta wowote. Kwa nje kuna makomeo manne marefu, insulesheni haikai, kwahiyo hapa tunalazimika kuweka ndani na kufuata sheria za ndani. Puliza povu moja kwa moja kwenye chuma cha mlango pasibaki hewa kabisa katikati, hiyo ndo siri yake, maana bila hewa mvuke haupati pa kugandia. Unene milimita 75 au 100. Juu yake bati la aluminiamu, sio la zinki kwasababu asidi ya mbao inalila zinki haraka, kingo zote zizibwe na silikoni isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu ya siki nayo inatoa asidi ikigandamana na chuma. Mpira wa mlango wa kontena kuukuu karibu kila mara umekakamaa au una mipasuko kwenye kona za chini, badilisha wote, usibandike kiraka. Fremu ya chuma inayozunguka milango inaonekana ndani na nje kwahiyo itatoa jasho hata ufanyeje, nje yake valisha ukanda wa povu pale ambapo mlango hauugusi, na ndani juu ya mlango weka mfereji mdogo wa aluminiamu maji yakimbilie pembeni yasidondokee rundo.

Na kabla hujafunga milango hiyo hata mara moja kwa kazi, weka namna ya kuifungua ukiwa ndani. Fimbo inayopita mlangoni na kusukuma komeo, au mlango mdogo wa mtu pembeni wenye kitasa pande zote. Milango ya kontena inafungwa kwa nje tu, na mtu akifungiwa kwenye digrii 60 zenye mvuke hana muda mrefu.

Kama ni kontena la baridi

Haya yote ya juu unayakwepa kwa sehemu ukipata kontena la baridi lililostaafu, lile la kubebea parachichi au samaki. Tayari lina povu la poliyurethani kwenye kuta, sakafu, dari na milango, na ndani kuna bati la chuma kisichoshika kutu na sakafu ya aluminiamu yenye matuta. Mashine ya baridi itolewe na fundi wa friji anyonye gesi yake kwanza, na lile tundu la mbele linalobaki ni sehemu nzuri ya kuweka kipasha joto na feni. Kagua mambo mawili: gonga kuta kwa ngumi, panapolia tupu bati limeachana na povu, na tafuta mipasuko kwenye bati la ndani maana maji yakishaingia kwenye povu lile hayatoki. Kwa umri wake mi nisingelipeleka juu ya digrii 60. Kwa mlingoti na mtiki linatosha kabisa, kwa paina utakausha taratibu kidogo.

Kupima kabla ya kuingiza mbao

Washa feni bila moto, chukua kijiti cha udi uzunguke nacho kwenye kila kiungo cha mlango, shingo za mashafti na vifuniko vya hewa. Moshi ukivutwa au kupeperushwa pale kuna uvujaji, rekebisha. Alafu pandisha joto mpaka 50 tanuri likiwa tupu, ukiwa na ndoo kadhaa za maji ya moto ndani hewa ipate mvuke, liache usiku mzima. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ikiwa kali, ingia na tochi. Kuta na dari ziwe kavu, jasho lionekane kwenye fremu ya mlango tu. Sehemu ukutani yenye matone ina daraja la joto au pengo la povu nyuma yake, izungushie chaki, toka nje uitafute upande wa pili. Kipima joto cha bunduki kinarahisisha, vazi la nje likiwa na joto sehemu moja kuliko majirani zake basi ni hapo.

Mwisho zima moto, funga matundu ya hewa, acha feni ikizunguka na uandike joto la ndani kila nusu saa. Karatasi hiyo itunze ndani ya ofisi. Kila mwaka mwezi wa tano kabla baridi haijaingia rudia zoezi lile lile kwenye usiku wenye baridi inayofanana, na kama joto linaanguka haraka kuliko ilivyoandikwa, anza kukagua mpira wa mlango na povu la chini ya sakafu, panya huwa wanaanzia huko.